Goodluck Gozbert na Vijana Wetu wa Mitambo

     Mazungumzo ya leo ni ya muziki wa injili, lakini nakuomba usibadilishe stesheni hata kama muziki huo si wako, kwa sababu ndani yake kuna habari ya kazi za vijana wetu, na hiyo inaigusa kila nyumba yenye mtoto aliyemaliza shule.

Nataka tumzungumzie Goodluck Gozbert. Nyimbo zake mnazijua. Wimbo wake wa "Ipo Siku", ambao ulianza kuvuma mwaka 2015, umepigwa hapa kwetu Songwe kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye bodaboda, na kule kwenye maduara ambako mtu anaweza kushinda wiki nzima chini ya ardhi asipate hata punje ya dhahabu. Sishangai kwamba wachimbaji waliupenda. Baadaye zikaja nyingine, kama "Hauwezi Kushindana", na leo ukitaja waimbaji wa injili wa kizazi chake hapa Tanzania huwezi kumruka.

Waimbaji wazuri wa injili ni wengi. Wapo wenye sauti kubwa kuliko yake, na wapo waliomtangulia kwa miaka mingi. Nimemchagua yeye kwa sababu ya njia aliyopita. Goodluck ni mtu wa Mwanza, na kabla watu hawajamjua kwa jina hilo, wenye studio na wasanii walimjua kwa jina la Lollipop. Alikuwa prodyuza na mtunzi wa nyimbo za wengine. Mwaka 2014 msanii wa Mwanza anayeitwa Mo Music alitoa wimbo wa mapenzi, "Basi Nenda", ukapigwa nchi nzima mpaka watoto wa shule wakaukariri. Nyuma ya wimbo ule alikuwepo Lollipop. Watu walimjua Mo Music, na ilikuwa haki yake, aliimba vizuri. Ila mkono ulioutengeneza wimbo haukuonekana. Mwaka uliofuata mkono ule ukashika maiki, na nchi ikafahamu kwamba mtu aliyekuwa akiwapa wengine maneno alikuwa na yake ya kusema.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo, na nitaisema mapema ili tusizungukane. Kijana huyu aliinuka kwa sababu alikuwa fundi kabla hajawa mwimbaji. Alijua wimbo unavyojengwa. Na sisi huku, kuanzia Tunduma mpaka Saza, tuna sauti za kutosha kujaza kila kanisa, lakini vijana wanaojua kujenga wimbo tumewaacha peke yao, na wakati mwingine tunawasukuma nje kwa mikono yetu wenyewe.

Ngoja nieleze huyo prodyuza anafanya nini, maana wazee wengi wakiona kijana amekaa mbele ya kompyuta na hedifoni masikioni wanadhani anacheza. Kwaya inakuja na wimbo umekaa vichwani mwao. Mwalimu wa kwaya ameufundisha kwa do, re, mi ubaoni kama tulivyorithi kwa Wamoravian na Walutheri, soprano wanajua njia yao, alto yao, tenori na besi yao. Lakini wimbo wa kuimba kanisani siku ya Jumapili na wimbo wa kusikilizwa kwenye simu ni vitu viwili. Kanisani watu wanakuona, wanasimama, wanapiga makofi, ukuta unarudisha sauti. Kwenye simu kuna sauti tupu, na msikilizaji ataamua ndani ya muda mfupi kama aendelee au aruke. Prodyuza ndiye anayepima mwendo wa wimbo, uwe wa haraka kiasi gani ili maneno yasikanyagane. Anatafuta ngoma ya kuushika. Anaamua gitaa liingie wapi na linyamaze wapi. Anasikia kwamba mstari wa tatu una maneno mengi kuliko pumzi ya mwimbaji, anasema, mama, hapa toa neno moja. Akimaliza kurekodi anakaa usiku kucha anapanga sauti moja juu ya nyingine, hii ipande, hii ishuke, hii ipelekwe kushoto, hii kulia, mpaka ile kwaya ya watu ishirini isikike kama watu ishirini na isiwe kelele.

Nimewahi kukaa kwenye studio moja katika mji wa machimbo hapa wilayani, na nitasimulia nilichokiona. Ni chumba cha nyuma ya duka. Ukutani wametundika mablanketi mazito na trei za mayai ili sauti isirudi. Feni ipo lakini imezimwa, kwa sababu mlio wake unaingia kwenye maiki, kwa hiyo watu wanaimba huku jasho linawatiririka. Maiki ni moja. Prodyuza, kijana mwembamba ambaye hata ndevu hazijamkolea, aliwapanga wanakwaya kwa sauti zao kama mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu azaliwe: soprano karibu, alto nyuma yao kidogo, na wale baba wawili wa besi akawasogeza mpaka mlangoni kwa sababu sauti zao zilikuwa zinameza wengine. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Mtoto alipolia, mama akatoka nje, wimbo ukasubiri.

Wakati huo huo, nje, karasha lilikuwa linasaga mawe. Mnaokaa machimboni mnaujua mlio ule, unauhisi mpaka kwenye meno. Kijana akaanza kurekodi karasha liliponyamaza, likaanza tena, akasimamisha. Likanyamaza, akaanza. Hakukasirika hata mara moja. Mwishowe akamtuma mdogo wake kwenda kuongea na wenye karasha, nao, Mungu awabariki, wakakubali kuzima kwa muda ili watu wa Mungu wamalize. Wimbo ulirekodiwa. Ulipotoka nikauona kwenye chaneli ya kwaya, picha nzuri, sare za kitenge, jina la kwaya, jina la kanisa, jina la mchungaji mlezi, namba ya kupiga kwa mialiko. Jina la kijana yule halikuwepo popote. Jina la aliyetunga wimbo nalo halikuwepo.

Hili linaniuma, msikilizaji, na sitalificha. Makanisa yetu yamejitahidi sana kwenye vyombo. Waumini wanachanga, wanauza mahindi, wanauza kahawa kule Mbozi, mtu ameuza ng'ombe, kanisa linanunua spika kubwa, kinanda kipya, matarumbeta, mashine ya kuchanganyia sauti. Halafu vyombo hivyo vya mamilioni vinakabidhiwa kijana ambaye hakuna aliyempeleka kujifunza hata siku moja. Anajifunza kwa kubahatisha. Anafunga spika Jumamosi, anafungua Jumapili jioni, mkesha yupo, mkutano wa injili yupo, harusi ya mwana wa mzee wa kanisa yupo, na malipo yake ni kuambiwa Mungu atakulipa. Kijana ana tumbo. Anapoona hali ni hiyo anafungua kachumba kake na kuanza kurekodi vijana wenzake wa Bongo Fleva ili apate hela ya kodi na ya umeme. Siku moja wazee wanasikia kwamba fulani anatengeneza nyimbo za dunia, anaitwa, anatengwa. Kanisa limepoteza fundi, na kwaya hiyo hiyo itafunga safari kwenda Mbeya au Dar es Salaam kumlipa mtu baki kwa kazi ambayo kijana wake angeifanya.

Kama Mwanza wangemfungia Lollipop mlango kwa sababu ya "Basi Nenda", "Ipo Siku" tusingeisikia. Siwafundishi wachungaji theolojia, wao wameisomea. Ninachosema ni kwamba ufundi alioupata akitengeneza nyimbo za mapenzi ndio huo huo alioingia nao kwenye injili, na historia ya muziki wa injili imejaa watu wa namna hiyo. Wazee wanaomkumbuka Cosmas Chidumule wanamkumbuka kwanza jukwaani na DDC Mlimani Park, Sikinde yenyewe, kabla hajageukia nyimbo za Bwana. Walter Chilambo alishinda Bongo Star Search mwaka 2012 akiwa mwimbaji wa muziki wa kawaida, leo tunamjua kwa injili. Kule Jamaika, Papa San alikuwa jina kubwa la dansihali, mwaka 1997 akaokoka, na mbio zile zile za ulimi alizokuwa nazo akazihamishia kwenye kumhubiri Kristo.

Na kwa kuwa nimefika Jamaika, nikae huko kidogo, kwa sababu visiwa vya Karibi vina somo letu. Ni nchi ndogo. Trinidad na Tobago nzima ina watu wachache kuliko Mkoa wa Mbeya. Lakini kutoka Trinidad ametoka Sherwin Gardner, mwimbaji wa injili ambaye ni prodyuza pia, na nyimbo zake zimevuka bahari zikaingia kwenye makanisa ya Afrika. Anaimba, anatengeneza, anatengenezea na wengine. Jamaika kuna Jermaine Edwards. Yeye alikuwa na wimbo wa kumshukuru Mungu kwa siku njema, wimbo wa zamani kidogo, kisha mwaka 2023 kijana mwingine wa Jamaika, Rushawn, akauimba, kipande kikaingia TikTok, na dunia nzima ikawa inauimba, hata watu ambao hawajawahi kuingia kanisani. Mtunzi alijulikana. Jina lake lilikuwa kwenye wimbo tangu mwanzo, kwa hiyo bahati ilipopita ilijua mlango wa kugonga. Kwaya zetu, wimbo ukilipuka kesho kule Nairobi au Lubumbashi, bahati itamgongea nani?

Huko nyuma mambo yalikuwa magumu zaidi, nakiri. Vijana wa leo hawajui. Kwaya ilikuwa ikitaka kusikika inarekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na hiyo ilikuwa heshima ya kuhadithiwa miaka. Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 redio binafsi zikaanza, redio za dini zikafuata, na kaseti zikashika soko. Kwaya ilijichanga, ikakodi basi, ikalala sakafuni kwenye kanisa la wenyeji huko Dar es Salaam, ikarekodi nyimbo nane kwa siku mbili, kisha mkanda wenyewe ukabaki Kariakoo kwa msambazaji. Kwaya ilirudi nyumbani na maboksi ya kaseti za kuuza, ndiyo malipo yenyewe. Kaseti ile ilisikika nchi nzima kwa miaka, watunzi wakafa maskini. Kitu kingine kilichotokea, na hiki hakisemwi sana, ni kwamba sauti za kwaya zikaanza kufanana. Prodyuza alikuwa na kinanda kimoja na ngoma zile zile zilizokuja nacho kutoka kiwandani, akamwekea Mnyakyusa, akamwekea Msukuma, akamwekea Mgogo. Ilitubidi tusikilize maneno ndipo tujue kwaya imetoka wapi.

Leo hakuna haja ya kwenda Kariakoo. Kompyuta moja, maiki moja, spika mbili nzuri, mtu aliyejifunza. Na hapo nawakumbusha kwamba nyimbo kubwa za injili za miaka hii nyingi zimetoka mikoani. Rose Muhando alianzia Dodoma, na mwaka 2011 akasaini na Sony Music. Goodluck, Mwanza. Zabron Singers, ndugu zetu Wasabato, wako Kahama, na "Mkono wa Bwana" umechezwa Kenya na Uganda mpaka na watu wasiojua Kahama iko upande gani. Sikiliza vizuri hilo la Kahama. Kahama ni mji wa dhahabu kama sisi. Una vumbi, una wageni kutoka kila kabila, una vijana wanaokuja kutafuta na wanaoondoka mikono mitupu. Mji wa namna hiyo umetoa nyimbo zilizovuka mipaka, nyimbo zilizopangwa vizuri na kurekodiwa vizuri.

Sasa tazama kwetu. Hii ni ardhi ya dhahabu ya Lupa. Mgodi wa Saza wakati wa mkoloni ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu Tanganyika nzima, ukafungwa mwaka 1956. Babu zetu walichimba, dhahabu ikapanda meli. Tangu mwaka 2012 mgodi wa New Luika unazalisha, na pembeni yake wachimbaji wadogo wanahangaika na maduara, makarasha na plenti za marudio. Dhahabu imewakutanisha hapa Wabungu na Wakimbu waliokuwepo, Wanyakyusa, Wanyiha, Wasafwa, Wanyamwanga, Wasukuma waliokuja na mifugo, na watu wa Geita wanaofuata kila mahali panaposikika panatoa. Kila mmoja ana ngoma yake. Jumapili ukipita Saza, kanisa hili unasikia sauti za Kinyakyusa zile nzito za besi, hatua chache mbele unasikia Wasukuma wanaimba kwa kupokezana, na mbele tena matarumbeta ya Moravian. Prodyuza mwenye masikio angepata hapa ngoma ambazo hakuna kinanda cha kiwandani kinazo. Lakini nyimbo zinazorekodiwa na kwaya zetu, samahanini sana, nyingi zina biti ile ile ya Dar es Salaam, na nyingine zimeiga Lagos.

Na sauti za huku zimeshathibitishwa. Bahati Bukuku, Boniface Mwaitege, Martha Mwaipaja, Edson Mwasabwite, Ambwene Mwasongwe na "Misuli ya Imani" yake: ukisikia majina tu unajua asili yao ni Nyanda hizi za Juu Kusini. Mtu akiuliza kama ukanda huu una karama, jibu ni hao. Kazi zao ziliivia Dar es Salaam kwa sababu mitambo ilikuwa huko. Siwalaumu, wangefanyaje? Ila miaka imepita, mitambo imeshuka bei, na bado tunapeleka sauti zetu huko huko.

Tunduma nayo tusiisahau. Barabara inayopita pale inakwenda Zambia na Kongo, na madereva ndio wasambazaji wa muziki ambao hawajawahi kulipwa. Wimbo unaopigwa ndani ya lori leo Tunduma, baada ya siku chache unapigwa Ndola, kisha Lubumbashi, ambako Kiswahili ni cha nyumbani. Upande wa pili wa mpaka kuna Wazambia walioona jambo hilo mapema kuliko sisi. Ephraim Sekeleti ni Mzambia, lakini aliimba Kiswahili, na "Uniongoze" yake ikaingia mioyoni mwa watu wa Tanzania na Kenya kana kwamba amezaliwa Vwawa. Yeye alikuja kwetu na lugha yetu. Sisi tuliokaa mlangoni tunasubiri nini?

Wazee wana malalamiko yao kuhusu nyimbo za vijana, nami kwa sehemu nawaunga mkono. Wanasema injili ya siku hizi inachezeka kama Bongo Fleva. Hilo la kuchezeka halinisumbui. Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano, na matarumbeta yenyewe yaliletwa na wageni na leo tunayaita ya kwetu. Kinachonisumbua ni maneno. Nyimbo nyingi mno sasa zinaimbwa dhidi ya adui. Adui zangu mtaona, walionicheka wataaibika, waliosema sitaolewa, waliosema sitajenga. Tunaimba kanisani huku tumewageuzia majirani vidole. Wimbo wa namna hiyo unauzika kwa sababu kila mtu ana jirani anayemwazia, lakini haumfundishi mtu kusamehe wala kufanya kazi. Mwalimu wa kwaya, kijana akikuletea wimbo, kaa naye kwenye maneno kabla hajaenda kwenye biti. Hapo ndipo uzee unapohitajika studioni.

Nije kwenye haki, maana hapa ndipo wengi tunapoteza. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, na ina COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki. Wimbo ukitungwa, mtunzi ana haki. Aliyeimba ana haki. Aliyerekodi ana haki. Hizi ni haki tofauti, na kwaya inapoingia studio bila karatasi yoyote zinachanganyika, na zikishachanganyika ni ugomvi. Nimeona kwaya zimegawanyika katikati kwa sababu ya chaneli ya YouTube iliyofunguliwa kwa barua pepe ya mwanakwaya mmoja. Akahama kanisa, akaondoka na chaneli na nyimbo zote. Nimeona mtunzi anasikia wimbo wake unaimbwa na kwaya nyingine na akikohoa tu anaambiwa nyimbo za Mungu hazina mwenyewe. Nyimbo za Mungu zimetungwa na mtu aliyekesha. Karatasi moja inatosha kuanzia: nani katunga, nani kaimba, nani katengeneza, kilicholipwa ni kiasi gani, na kikipatikana kingine kitagawanywaje. Weka sahihi, weka tarehe, kila upande ubaki na nakala, kisha mkasajili kazi yenu. Haichukui muda mrefu kuliko mazoezi ya jioni moja.

Kuna jambo la wasichana pia. Kwenye kwaya zetu akina mama na mabinti ni wengi kuliko wanaume, wao ndio wanaobeba wimbo. Ukiingia studio, aliyekaa kwenye kiti cha mitambo ni mvulana karibu kila mara. Hakuna sababu yoyote ya msingi. Binti anayeweza kusikia kwamba alto imeshuka nusu sauti katikati ya kwaya ya watu thelathini ana sikio la kazi hii. Mpeni kiti akae, mumfundishe.

Fedha zitatoka wapi? Najua swali hilo limeshafika kwenye vinywa vyenu. Halmashauri kwa sheria inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri ya Songwe ina mgodi wa kuiletea mapato hayo. Vijana wetu wanapounda vikundi wanaomba bodaboda, wanaomba kuku, wanaomba mashine ya matofali, na hayo ni mema. Kikundi cha vijana kikileta andiko la studio, chenye kompyuta, maiki, jenereta ndogo na bajeti iliyopigwa vizuri, maofisa maendeleo ya jamii, msikicheke. Kazi zipo: kwaya zipo kila kata, harusi zipo, matangazo ya biashara yapo, kampeni za afya zinahitaji nyimbo, redio kama hii inahitaji vionjo. Kijana anayeweza kutengeneza sauti hakosi kazi wilaya nzima.

Na wewe kijana unayenisikia huko Saza, mwenye simu iliyopasuka kioo na programu ya bure ya kutengenezea biti, ambaye mama yako anakuuliza kila siku utaacha lini michezo: jifunze kazi ya mitambo sawasawa kabla hujatafuta kuonekana. Tengenezea wengine. Kubali kuwa nyuma kwa miaka. Soma muziki kwa mwalimu wa kwaya, usiishie kwenye video za mtandaoni. Yule mzee na chaki yake anajua mambo ya sauti nne ambayo kompyuta haitakuambia. Lollipop alikaa upande ambao hauonekani, akajifunza huko, na alipoimba alikuwa anajua kila kilichokuwa kinatokea ndani ya wimbo wake.

Wazee wa kanisa, walimu wa kwaya, ombi langu kwenu ni dogo na linaweza kutekelezwa baada ya mavuno haya haya. Kila kanisa limchague kijana mmoja, wa kiume au wa kike, limlipie mafunzo ya mitambo, na akirudi limpe posho. Na kwaya itakayorekodi mwaka huu iandike kwenye wimbo jina la mtunzi na jina la prodyuza, na imlipe prodyuza huyo kabla haijatoka studioni.